Kikombe cha Kwanza cha Mheshimiwa Waziri

Katika Jamhuri nzima ya Heko hakuna mwanamke mwingine aliyemlisha waziri, akamfundisha kazi profesa, na akamfunga mdomo Mkuu wa Itifaki, yote siku moja kabla ya adhuhuri. Hapo kwa profesa nimeongeza chumvi. Mtu aliyeishia darasa la saba atamfundisha nini profesa, labda kupepeta mchele, na hata hilo alikuwa analijua. Mkuu wa Itifaki naye hajafungwa mdomo na mtu tangu alipozaliwa. Lakini kulisha nimelisha. Shahidi ninaye, na ana mkia.

Heko ni nchi nzuri. Usiitafute kwenye ramani; ramani ilipelekwa wizarani kuombewa, haijarudi. Ina milima, ina mito, na ina amani tele, kiasi kwamba kila mwaka inashika nafasi ya kwanza katika mashindano ya nchi zenye amani, ambayo huandaliwa na Heko, na mshiriki ni Heko.

Zamani tulikuwa na Wizara ya Dini na Wizara ya Sayansi, jengo moja, ghorofa tofauti. Walikuwa hawaelewani kuhusu lifti. Wa Dini walisema inapanda kwa neema, wa Sayansi wakasema inapanda kwa umeme. Umeme ukikatika, wote walipanda ngazi kimya kimya, wakihema sawasawa. Rais akachoshwa na ugomvi huo, akaziunganisha, ikawa Wizara ya Imani, Sayansi na Maji. Maji yaliongezwa kwa sababu yalikuwa hayana ofisi.

Aliyekabidhiwa wizara hiyo ni Mheshimiwa Mchungaji Alhaji Dakta Injinia Pantaleo Kirungi. Msishangae jina refu, kila kipande kina historia yake. Uchungaji aliurithi kwa upande wa mama. Ualhaji ni kwa sababu aliwahi kuwasindikiza mahujaji mpaka uwanja wa ndege, akawapungia mkono kwa uchungu. Udakta alitunukiwa na chuo alichokizindua asubuhi ile ile. Uinjinia hatujui ulikotoka. Nadhani ulikuja kumtembelea ukakosa gari la kurudi.

Na kabla sijasahau, niwaambie kuhusu Sheria ya Shukrani, maana bila hiyo hamtaelewa kilichompata.

Sisi Waheko tumelelewa kushukuru. Serikali ikaona fadhila kubwa namna hiyo haiwezi kuachwa mikononi mwa wananchi watupu, ikaitungia sheria. Sheria inasema jambo la serikali halihesabiki kuwa limefanyika mpaka lishukuriwe hadharani. Daraja lisiloshukuriwa si daraja, hata kama unapita juu yake. Kila aliyechangia lazima atajwe, na alichochangia kitajwe, bila kubakiza. Anayeshukuru hakatizwi, hata na Rais. Wala haruhusiwi kusoma popote. Shukrani ya kusoma kwenye karatasi, sheria inasema, ni risiti.

Kazi hiyo kitaifa anayo Bwana Eligadi, Mkuu wa Itifaki, mtu mwembamba mwenye kichwa kisichosahau kitu. Wanasema kwenye harusi yake aliwashukuru mpaka wanawake waliomkataa kabla ya mkewe, mmoja mmoja, na sababu zao.

*

Mtaani kwetu Mkunguni tuna kisima. Upande wa kulia kuna msikiti, upande wa kushoto kuna kanisa, katikati kisima. Kamba ni ya kanisa, ndoo ni ya msikiti. Asiyetaka ushirikiano na akae na kiu yake. Maalim Shaweji na Katekista Yustino hukaa ukingoni pale kila siku wakicheza drafti kwa vizibo vya soda. Wamegombana miaka na miaka, na hata mara moja hawajagombana kuhusu Mungu. Ni kuhusu kizibo kilichosogezwa mwenzake alipokwenda kusali.

Basi wizara ikatuletea maendeleo. Lililetwa bomba, linaitwa Bomba la Uamsho, likajengwa na kampuni ya shemeji yake Mheshimiwa, ambaye alishinda zabuni kwa kuwa peke yake. Maji yake yanavutwa kutoka kwenye bwawa. Juu ya bwawa kuna machinjio. Nadhani umeshaanza kuelewa, lakini sisi tulielewa kwa njia ndefu, kwa tumbo. Maji yalitoka yana rangi ya chai ya mtu mchoyo, na harufu ambayo sitaiandika, huenda unakula.

Mtaa mzima ukaanza kukimbilia nyuma ya nyumba. Redio ikatangaza tamko la wizara: "Wananchi wa Mkunguni wasiwe na hofu. Kinachowatoka ni toba ya tumbo."

Mzee Fungameza, fundi cherehani, alikuwa na mguu mbovu. Kisima kilikuwa mbali kwake, bomba lilikuwa mlangoni. Alitubu siku nne, ya tano tukamzika. Wizara ilituma salamu za rambirambi, zikasomwa makaburini: marehemu ametangulia akiwa amesafishika. Gauni langu alikuwa hajalimaliza. Lina mkono mmoja. Nalivaa hivyo hivyo, na atakayecheka nitamwambia anishonee wa pili kama alivyokuwa akishona yule mzee.

*

Nyumbani kwangu amepanga profesa, Profesa Anselmi Kibwika. Nyumba za walimu wa Chuo Kikuu zilipewa Waratibu wa Uamsho, naye akaja kupanga chumba kwangu, na vitabu vyake vikalala kitandani, yeye akalala chini. Kazi yake ni kuchungulia vijidudu. Jumapili utamkuta anakwenda kanisani na mfuko mmoja, ndani Biblia na chupa za maji ya kupima, vimekaa pamoja wala havijapigana.

Baada ya maziko alikinga maji ya bomba, akayapeleka maabara. Alirudi uso umemshuka.

"Bi Nyamizi," akaniambia, "usiyanywe."

"Mwanangu, mimi nilishaacha kuyanywa niliposikia harufu. Niambie kitu nisichokijua."

"Kuna kinyesi ndani."

"Nimekwambia nilisikia harufu."

Akaandika taarifa yake, akaipeleka wizarani. Wizara haikukasirika hata kidogo. Iliunda Kamati ya Maridhiano kati ya Imani na Sayansi, ikamwita. Aliponihadithia, alikuwa ananimenyea viazi vya mgahawa wangu, na maganda yalikuwa manene kwa hasira, nikapata hasara.

Kikao kilifunguliwa kwa sala, halafu sala ya kuishukuru sala, halafu chai. Mwenyekiti akavaa miwani.

"Profesa, hivyo vijidudu, umeviona kwa macho yako?"

"Nimeviona kwa hadubini, Mwenyekiti."

"Kwa hiyo kwa macho hukuviona."

"Hadubini inavikuza ili..."

"Inakuza! Katibu, weka kwenye kumbukumbu. Profesa amekiri kukuza mambo."

Mjumbe mmoja akadakia, "Unaamini kuna Mungu?"

"Naamini."

"Anaweza kuyasafisha maji?"

"Anaweza, ndugu mjumbe."

"Sasa shida iko wapi?"

"Shida ni machinjio. Mungu hakuyaweka juu ya bwawa. Tuliyaweka sisi, halafu tunamwomba yeye aje kufagia."

Mwenyekiti akasema hiyo ni mada ya Wizara ya Mifugo.

Jioni wakatoa maridhiano. Upande wa sayansi, kamati ilikubali kwamba vijidudu vipo, ila havina uraia. Upande wa imani, ilikubali kwamba maji yakishaombewa hayapimwi tena, maana kupima ni kutia shaka, na shaka katika Heko ni kosa la jinai. Kisha Mheshimiwa mwenyewe akaingia, akamshika Profesa bega, akamwita mwanangu ingawa wanalingana.

"Nchi hii imekosa mtu wa kuunganisha maabara na madhabahu," akasema. "Nakuteua kuwa Mshauri Mkuu wa Ukweli. Gari lipo. Siku ya uzinduzi utasimama mbele ya wananchi na kutamka maneno machache tu: kwa niaba ya sayansi, maji haya ni salama. Ukishatamka, tunamwaga zege kwenye kile kisima. Taifa moja haliwezi kuwa na maji mawili, kama vile haliwezi kuwa na bendera mbili."

"Na nisipotamka?"

"Utakuwa umetia shaka," alisema Mheshimiwa kwa upole. "Na zege litamwagwa tu, ila kwa huzuni."

*

Nami mkosefu nikamshauri vibaya. Nilimwambia, "Tamka, mwanangu. Chukua gari. Sisi tutachemsha maji, na wewe utatupitishia kuni kwa hilo gari."

Akaacha kumenya. "Na wasio na kuni?"

"Watakopa."

"Fungameza alikopa?"

Niligeuka nikachochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Maalim na Katekista walikuwa wamekuja kuomba supu ya bure, wakasikia yote.

"Profesa," akasema Maalim Shaweji, "hebu nifahamishe. Hilo jambo la kisayansi, kulijua hasa kama ni kweli, mnafanyaje nyinyi?"

"Tunafanya jaribio, Maalim. Hadharani, kila mtu aone, na mwingine aweze kulirudia."

"Na desturi ya kuzindua maji?" akauliza Yustino. "Si mgeni rasmi hunywa kikombe cha kwanza?"

"Hunyanyua," nikasema mimi. "Nimepikia wazinduzi wengi. Kikombe kinanyanyuliwa, kamera zinapiga, kisha kinatoweka nyuma ya msaidizi. Sijaona koo lililotembea."

Profesa akatuangalia mmoja mmoja, halafu akarudi kwenye viazi. Maganda yakawa membamba.

*

Siku ya uzinduzi walipiga turubai la njano juu ya bomba, na kapeti jekundu kutoka barabarani. Kando ya kisima ilisimama mashine ya zege, inazunguka, inanguruma, tayari. Kisima chetu kilikuwa kimefungwa utepe kama mgonjwa aliyefungwa bendeji mahali pasipouma.

Mheshimiwa alifika mapema, kabla ya wananchi, na njaa yake. Bwana Eligadi akamleta kwangu kwa mlango wa uani. Niliwavutia pazia, nikatenga supu ya kongoro na chapati.

"Mama, hii supu!" Mheshimiwa akasema, jasho linamtiririka. "Haijapata kutokea!"

"Ongeza, Mheshimiwa. Kuwatumikia wananchi ni kazi nzito."

Akaongeza. Akaomba pilipili. Kabla ya kula alikuwa amenawa mikono, na hakunawa kwa maji ya mtungi wangu, ambayo ni ya kisima, wala ya bomba lake. Msaidizi alifungua chupa za maji zenye maandishi ya nchi ya mbali, akammiminia vidoleni. Alipomaliza kula akatazama bakuli kwa masikitiko.

"Huu mfupa una uboho mwingi. Ni dhambi kuuacha."

"Nikufungie?"

"Nifungie, mama. Nitamalizia garini."

Nikaufunga kwenye kipande cha gazeti lenye picha yake, akautia mfuko wa koti.

Sasa, uani kwangu kuna mbwa, wa kila mtu na si wa mtu. Mtaa unamwita Diwani, kwa sababu haonekani ila siku ambayo kuna chakula. Diwani alikuwa amelala chini ya benchi. Mfupa ulipoingia mfukoni, akaamka.

Mheshimiwa alipotangulia kutoka, nilimshika Bwana Eligadi mkono wa shati.

"Bwana Itifaki, na mimi nitashukuriwa?"

"Wewe? Kwa lipi?"

"Kwa supu. Si nimechangia? Au sheria inawahusu wenye viti vya mbele tu?"

Akanitazama kama mtu aliyetukaniwa kazi yake. "Bibi, mimi sijawahi kumwacha mtu. Utatajwa, na kilicholiwa kitatajwa. Kijiko kwa kijiko."

"Basi Mungu akubariki," nikasema. Sikuwa na nia nyingine. Mwanamke mzee naye anapenda kusikia jina lake kwenye kipaza sauti.

*

Watu walijaa. Mheshimiwa alipanda jukwaani, Diwani nyuma yake. Mheshimiwa akaketi, Diwani akaketi miguuni pake, akainua macho akimtazama ubavuni kwa mapenzi makubwa, mate yanamdondoka. Askari akataka kumfukuza, lakini mshereheshaji alishakamata kipaza sauti.

"Ndugu wananchi, tazameni maajabu! Hata mnyama ametambua utakatifu!"

Vigelegele vikapigwa. Mama mmoja jirani yangu akafuta machozi. Mheshimiwa akampapasa Diwani kichwani kwa ncha za vidole, akasogeza koti upande wa pili. Diwani naye akahamia upande wa pili. Vigelegele vikazidi.

Maalim na Katekista waliitwa kufungua kwa sala. Walipanda pamoja, wakasema kwa pamoja: "Ee Mungu, unaona." Wakashuka. Mheshimiwa hakupendezwa na ufupi ule.

Kisha akahutubia. "Itifaki imezingatiwa! Ndugu wananchi, maji ni nini? Maji ni uhai. Na uhai ni nini? Uhai ni maji. Ndiyo maana serikali yenu sikivu ikasema, hapana! Haiwezekani karne hii mwananchi ainame kwenye shimo kuchota maji. Mwananchi lazima asimame wima! Wapo wanaosema maji haya yana kitu. Kweli yana kitu. Yana baraka! Mimi mwenyewe nayanywa kila siku, nyumbani, na familia yangu. Nitazameni!"

Tukamtazama. Kwa kweli alikuwa amenawiri.

"Sasa namwita Mshauri Mkuu wa Ukweli, atamke kwa niaba ya sayansi. Dereva wa zege, kaa tayari!"

Profesa akapanda. Amevaa suti yake ya pekee, ile aliyoshonewa na Fungameza. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa, niko tayari kutamka," akasema. "Lakini mwanasayansi hatamki bila jaribio. Maji yameombewa, kwa hiyo sheria hainiruhusu kuyapima, nami naitii. Limebaki jaribio moja, tena ni desturi yetu ya siku zote. Mgeni rasmi anywe kikombe cha kwanza. Anywe kweli, ameze, tumwone. Akishameza, natamka sasa hivi, na zege limwagwe."

Watu wakapiga makofi, maana waliona ni jambo jepesi kwa mtu anayeyanywa kila siku. Bomba likafunguliwa, likakohoa, likatema. Msichana wa gwaride akaleta kikombe cha kioo juu ya sinia. Hata pale nilipokuwa nimekaa niliweza kuona vitu vikielea.

Mheshimiwa alikitazama kikombe. Kikombe kikamtazama. Akakinyanyua, kamera zikapiga. Msaidizi akasogea kukipokea.

"Bado hajameza," akasema Profesa.

"Ameze!" ikasikika sauti, sisemi ya nani, ilikuwa na mkono mmoja wa gauni.

"Ameze! Ameze!"

Mheshimiwa akafumba macho. Alipoyafumbua, yalikuwa na machozi.

"Ndugu zangu," akasema kwa sauti ya chini, "nilikuwa sitaki kusema, maana ibada ni siri ya mtu na Mola wake. Lakini mmenilazimisha. Nimefunga."

Mzee mmoja akavua kofia.

"Toka jana magharibi, kwa ajili yenu wana Mkunguni, sijatia kitu kinywani. Si tone, si punje. Je, mnataka niivunje funga yangu?"

"Hapana!" wakajibu watu, na aibu imewashika.

"Ni funga gani hiyo, Mheshimiwa?" akauliza Maalim toka chini. "Mbona Ramadhani bado?"

"Na Kwaresma imepita," akasema Yustino.

"Ni Funga ya Kitaifa," akajibu Mheshimiwa. "Inafungwa na viongozi tu." Akageuka, akamnyooshea Profesa kikombe, na machozi yote yameshakauka. "Wewe hujafunga. Wewe ndiye mwenye shaka. Kunywa, au wananchi waone kwamba umekuja hapa kumvunjia mtu ibada yake na kuwanyima ndugu zako maji. Kunywa!"

Wale wale waliopiga kelele ya ameze, sasa walimgeukia Profesa. "Anywe! Anywe kafiri huyo!" Na yule mama jirani yangu aliyekuwa akilia kwa ajili ya mbwa, akaokota jiwe. Hivyo ndivyo tulivyo Waheko, hatuna kinyongo, tunageuka upesi. Mashine ya zege ikaongezwa moto.

Nikamwona Profesa akikipokea kikombe. Alijua kilichomo ndani kuliko mtu yeyote pale, kwa jina na kwa ukoo wake. Akakiinua mpaka mdomoni.

"Samahani," ikasema sauti kavu kwenye kipaza sauti cha pili. "Kikombe cha kwanza hakinywewi na mtu asiye mgeni rasmi kabla ya neno la shukrani. Itifaki."

Alikuwa Bwana Eligadi. Amesimama wima, mikono nyuma, amefumba macho. Hakumtetea mtu. Alikuwa anatetea utaratibu, na nawaapia kwamba katika maisha yangu sijawahi kuupenda utaratibu kama siku ile.

"Kwa mamlaka niliyopewa na Sheria ya Shukrani," akaanza, na watu wote wakakaa chini, na jiwe likakaa chini, "namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutupa hewa. Nawashukuru waliotupa turubai, na aliyelishona tundu lake. Nawashukuru waliofagia, na waliowatazama wakifagia. Namshukuru shemeji wa Mheshimiwa kwa bomba. Nawashukuru wenye machinjio kwa uvumilivu."

Mheshimiwa alitabasamu, akapunga mkono.

"Namshukuru Bi Nyamizi wa mtaa huu, kwa supu ya kongoro aliyomwandalia Mheshimiwa leo asubuhi nyuma ya pazia."

Mkono wa Mheshimiwa ukabaki hewani.

"Namshukuru kwa bakuli la kwanza, na kwa la pili, ambalo Mheshimiwa aliliomba mwenyewe, akisema haijapata kutokea. Namshukuru kwa chapati. Namshukuru kwa pilipili."

"Eligadi," akasema Mheshimiwa, ameuma meno.

"Anayeshukuru hakatizwi," akasema Bwana Eligadi, macho bado yamefumbwa. "Nawashukuru ndugu zetu wa nchi ya mbali kwa maji ya chupa, ambayo Mheshimiwa alinawia mikono, kwa kuwa, kama alivyotuelekeza mara nyingi safarini, maji ya humu nchini hayaguswi."

Nilisikia uwanja mzima ukivuta pumzi. Profesa alishusha kikombe taratibu, akakiweka juu ya sinia, kwa adabu kama mtu anayemlaza mtoto. Dereva wa zege, ambaye hakuambiwa na mtu, akazima mashine. Kimya kikawa kikubwa kiasi kwamba tulisikia kamba ya kanisa ikigonga ndoo ya msikiti.

Mheshimiwa akamnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti. "Uongo! Uongo wa maadui wa imani! Ndugu wananchi, huyu bibi simjui. Kongoro sijaionja toka nizaliwe! Nimefunga, na Mungu ni shahidi wangu!"

"Astaghafirullah," akasema Maalim. "Mwache Mungu. Tafuta shahidi wa kwenu huko chini."

Basi shahidi alikuwa amekwisha kuchoka. Amekaa asubuhi nzima, ameshangiliwa, ameitwa muujiza, na hajapewa chochote; diwani mwingine yeyote angekuwa ameshahama chama. Akainuka, akaingiza pua kwenye mfuko wa koti, akavuta. Mfuko ulichanika kwa sauti. Gazeti likafunguka, picha ya Mheshimiwa ikaanguka kifudifudi na mafuta yake, na mfupa wa kongoro ukagonga mbao za jukwaa, ukabiringika, ukasimama miguuni pa Profesa.

Bwana Eligadi akafumbua jicho moja. "Na mfupa," akasema, "ambao nilikuwa ndiyo kwanza nautaja."

Kicheko kilichofuata hakikumruhusu kuendelea, na mpaka leo shukrani ile haijamalizika. Kisheria, kwa hiyo, uzinduzi haujafanyika, bomba halipo, na kisima chetu kiko wazi. Mimi ndiye pekee niliyeshukuriwa nikakamilika.

Lakini pale jukwaani Mheshimiwa alikuwa bado amesimama, koti limechanika, anautazama mfupa kama kitu kilichodondoka kutoka mbinguni.

"Huo si wangu," akasema.

"Kweli kabisa," akasema Katekista Yustino. "Ni wa ng'ombe."

Mheshimiwa akafungua mdomo kumjibu, na supu yangu, ambayo haijawahi kumtii mtu, ikamtangulia. Akacheua kwenye kipaza sauti, na mtaa mzima ukasikia harufu ya pilipili.